Dawa Kinga na Siri ya Mtumiaji: Utayari wa Wanawake Transjenda, kutoka Mtwapa hadi Tukuyu

Watafiti wa afya ya jamii hupima utayari wa mtu kutumia dawa ya kujikinga na Virusi vya UKIMWI (VVU) kwa swali linaloonekana jepesi: iwapo dawa hiyo ingepatikana kwa namna fulani, kwa gharama fulani na mahali fulani, je, angekubali kuitumia? Katika Afrika Mashariki, kama ilivyo kwingineko duniani, wengi wanaoulizwa hujibu kwamba wangekubali, na jibu hilo limewapa moyo wapangaji wa huduma kwa zaidi ya muongo mmoja. Ugumu hujitokeza baadaye, pale jibu linapotakiwa kugeuka kidonge kinachomezwa kila siku, mwezi hadi mwezi, na mtu anayeishi katika chumba cha kupanga, anayehudumiwa katika hospitali wanakotibiwa pia jirani zake, na ambaye jamii imekwisha kumtazama kwa shaka kabla hajafika kwenye dirisha la mapokezi. Kwa wanawake transjenda njia hiyo kutoka jibu hadi kidonge ni ndefu zaidi, na sehemu kubwa ya urefu wake haitokani na mioyo yao. Inatokana na jinsi huduma ilivyopangwa.

Mwanamke transjenda ni mtu ambaye alipozaliwa alitambuliwa na kuandikwa kuwa wa kiume, lakini anajitambua, na mara nyingi huishi, kama mwanamke. Baadhi hutumia homoni za kike na wengine hawazitumii kabisa. Waliofanyiwa upasuaji katika ukanda huu ni wachache mno. Takwimu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kupambana na UKIMWI (UNAIDS) za mwaka 2022 zilikadiria kwamba uwezekano wao wa kuambukizwa VVU ni mara 14 ya ule wa wanawake wengine watu wazima duniani. Sababu zake zinajulikana na hazina fumbo: ngono ya njia ya haja kubwa hupitisha virusi kwa urahisi zaidi kwa anayeingiliwa, na juu ya hilo kuna kufukuzwa nyumbani katika umri mdogo, kukosa kazi, kuuza mwili ili kupata kodi ya chumba, na kupigwa bila kuthubutu kwenda polisi. Mtu aliyebanwa na hali hizo hana nguvu ya kumlazimisha mwenzi wake avae kondomu, na kwa sababu hiyo kinga ambayo anaweza kuimeza mwenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa, ina thamani ya pekee kwake.

Kinga hiyo ndiyo inayoitwa dawa kinga, au kwa jina ambalo wahudumu wa Tanzania na Kenya hulitumia zaidi, PrEP. Kwa kawaida ni kidonge kimoja chenye dawa mbili, tenofoviri pamoja na emtrisitabini au lamivudini, ambazo ni miongoni mwa dawa zilezile za kufubaza virusi (ARV) wanazotumia watu wanaoishi na VVU. Dawa hizi huizuia kazi ya kimeng'enya ambacho virusi hukihitaji ili kujinakili ndani ya chembe za mwili, hivyo zinapokuwa tayari zimejaa katika chembe hizo wakati virusi vinapoingia, virusi hushindwa kuota mizizi na hatimaye hutoweka. Dawa kinga ni tofauti na dawa za dharura, yaani PEP, ambazo mtu huanza kuzimeza ndani ya saa 72 baada ya kubakwa, kupasukiwa na kondomu au kuchomwa na sindano, na huzitumia kwa siku 28. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kidonge cha kwanza cha PrEP mwezi Julai 2012, na Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza mwezi Septemba 2015 kwamba kila mtu aliye katika hatari kubwa ya maambukizi apewe nafasi ya kuitumia. Tanzania ilipitia kipindi cha majaribio kabla ya kuanza kuipanua huduma hiyo mwaka 2021.

Ushahidi kwamba dawa inafanya kazi haukuchelewa kufika katika ukanda huu. Utafiti wa Partners PrEP, uliofanyika Kenya na Uganda kwa jozi 4,747 za wenza ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hakuwa navyo, ulionyesha mwaka 2012 kwamba maambukizi yalipungua kwa asilimia 75 kwa waliopewa kidonge cha dawa mbili. Lakini utafiti mwingine wa wakati huohuo, FEM-PrEP, uliohusisha wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ambako kituo chake kilikuwa Arusha, ulisimamishwa mwaka 2011 kwa kuwa dawa haikuonyesha kinga yoyote. Washiriki wapatao 95 katika kila 100 walisema kwamba walikuwa wakimeza vidonge vyao kama kawaida, ilhali vipimo vya damu vilionyesha kwamba chini ya asilimia 40 walikuwa na dalili ya kumeza dawa katika siku za karibuni. Hapana sababu ya kuwaita wanawake hao waongo. Walikuwa wamesimama mbele ya mhudumu mwenye fomu, katika huduma waliyoithamini, na wakatoa jibu ambalo waliona linatarajiwa. Jambo hilohilo linaweza kutokea kila mahali panapopimwa utayari kwa maneno matupu.

Kwa wanawake transjenda, tatizo hilo la maneno yasiyolingana na vipimo vya damu lilifichwa na tatizo jingine, la kuhesabiwa mahali pasipo pao. Utafiti mkubwa wa kwanza wa PrEP kwa watu wanaofanya ngono na wanaume, uitwao iPrEx, ulitangaza matokeo yake mwaka 2010: washiriki 2,499 katika nchi sita, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, na maambukizi yaliyopungua kwa asilimia 44. Habari ile ilisambaa kama habari ya wanaume. Miaka mitano baadaye, mwaka 2015, ndipo uchambuzi uliowaangalia wanawake transjenda peke yao ulipochapishwa, ukionyesha kwamba 339 kati ya washiriki wale walikuwa wa kundi hilo, na kwamba kati yao waliopewa dawa walioambukizwa walikuwa 11, na waliopewa kidonge kisicho na dawa walioambukizwa walikuwa 10. Kwa ujumla, basi, dawa haikuwasaidia. Hata hivyo uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba hakuna hata mmoja wa waliopewa dawa wakaambukizwa aliyekutwa na dawa mwilini wakati maambukizi yake yalipobainika, na katika awamu iliyofuata hakuna aliyeambukizwa miongoni mwa waliokuwa na kiwango cha dawa kinacholingana na vidonge vinne au zaidi kwa wiki. Kosa halikuwa la kidonge. Kidonge hakikuwa kinamezwa, na kwa miaka mitano hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu waliopaswa kuulizwa walikuwa wamejumlishwa na kundi lingine. Fomu nyingi za huduma za VVU katika Afrika Mashariki bado zina tabia hiyo ya kumwandika mwanamke transjenda chini ya wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, na ndiyo maana takwimu za wilaya nyingi hazimwonyeshi hata pale anapohudumiwa.

Mfano wa karibu zaidi uko Mtwapa, mji mdogo wa Kaunti ya Kilifi katika pwani ya Kenya, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) imekuwa ikiwafuatilia watu walio katika hatari kubwa ya maambukizi tangu mwaka 2005. Baada ya Kenya kuzindua PrEP kitaifa mwezi Mei 2017, kliniki hiyo iliitoa kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume na kwa wanawake transjenda, safari hii makundi hayo mawili yakitofautishwa. Hamu ya kuipata ilikuwa kubwa. Damu ilipopimwa miezi kadhaa baadaye, waliokuwa na kiwango cha dawa kinachotosha kuwakinga walikuwa wachache tu. Ni vigumu kuyasoma matokeo hayo bila kukumbuka kwamba mwezi Februari 2010 kliniki ya KEMRI ya mji huohuo ilivamiwa na umati wa watu waliodai kuwa hapo ni kituo cha mashoga, na wagonjwa na wahudumu wakatishiwa maisha. Mtu anaweza kuitaka dawa kwa dhati na wakati huohuo akaogopa kuonekana akiingia katika mlango inakotolewa, na hofu ya namna hiyo haionekani katika swali la ndiyo au hapana.

Upande wa Tanzania, mlango wa aina hiyo katika Wilaya ya Rungwe, ambayo mji wake ni Tukuyu, ni jambo la kutazamwa kwa makini, kwa kuwa wilaya hii iko katikati ya eneo ambalo VVU havijawahi kulegea. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, huku Mkoa wa Mbeya, ambao Rungwe ni sehemu yake, ukiwa na asilimia 9.6, ukitanguliwa na Njombe na Iringa pekee. Barabara kuu inayotoka Uyole, ikapita Kiwira, Tukuyu na Ushirika hadi Kyela na mpaka wa Kasumulu unaopakana na Malawi, hupitisha ndizi, viazi, chai na parachichi, na pamoja navyo madereva, wachuuzi, vibarua wa mashamba ya chai na vijana wanaolala katika nyumba za wageni za kando ya barabara. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 miongoni mwa wahudumu wa kike 600 wa baa na nyumba za wageni mkoani Mbeya uliwakuta asilimia 68 kati yao wakiwa na VVU. Mkoa huohuo umeshiriki pia katika kutafuta kinga, kwani Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilikuwa mojawapo ya vituo vya PrEPVacc, jaribio lililounganisha chanjo mbili za VVU na vidonge vya dawa kinga katika Uganda, Tanzania na Afrika Kusini. Uchanjaji ulisitishwa mwishoni mwa 2023 ilipobainika kwamba chanjo hazikuwa na dalili ya kukinga, nayo sehemu ya vidonge ikaendelea.

Rungwe ina uzoefu mwingine ambao mara chache huhusishwa na VVU, ingawa unafundisha zaidi kuliko miongozo mingi. Mito yenye maji ya kasi inayoteremka kutoka Mlima Rungwe ni mazalia ya inzi weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi na kupofusha macho, na kwa miaka mingi wakazi wa vijiji vya eneo la Tukuyu wamekuwa wakimeza dawa ya ivamektini, inayofahamika zaidi kama Mectizan, inayogawiwa na wanakijiji waliochaguliwa na wenzao. Anayeimeza mara nyingi haumwi chochote siku ile. Hupimwa urefu kwa fimbo iliyotiwa alama ili ijulikane ameze vidonge vingapi, humeza mbele ya mgawaji, jina lake huandikwa katika daftari la kijiji, na hapo kazi imekwisha. Hakuna anayemtilia shaka kwa kuwa amemeza, maana mwenyekiti wa kitongoji naye amemeza, mchungaji amemeza, na mwalimu pia. Wazo la kumeza dawa ili kuzuia ugonjwa, basi, si geni kwa wenyeji wa Rungwe, yaani Wanyakyusa, na wenzao wanaoishi nao, na anayedhani kwamba tatizo la dawa kinga ni ushamba wa watu wa milimani hajaitazama historia hii.

Tofauti iko katika kile ambacho dawa inasema kuhusu anayeimeza. Mectizan haisemi lolote, kwa kuwa ni ya kila mtu. PrEP hutolewa kwa waliochaguliwa: wanaouza mwili, wanaojidunga dawa za kulevya, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, wenza ambao mmoja wao ana VVU. Kukutwa nayo ni kama kukiri mojawapo ya mambo hayo, na kwa mwanamke transjenda ni kukiri jambo ambalo amelificha kwa juhudi kubwa kuliko yote. Isitoshe, kopo la dawa kinga linafanana na makopo ya ARV, na vidonge vyake hulia ndani kila kopo linapotikisika katika mkoba. Katika nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja, mlio huo unajulikana. Wapo wanaojaza pamba ndani ya kopo ili lisilie, wapo wanaobandua lebo, na wapo wanaohamishia vidonge katika karatasi au kopo la vitamini, jambo linaloviweka katika hatari ya unyevu, na Tukuyu ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Akiulizwa anameza nini, mtumiaji ana majibu mawili tu: aseme kwamba ana VVU, ambayo si kweli, au aeleze kwa nini anajikinga, jibu ambalo huenda likamgharimu chumba chake.

Mahali pa kuchukulia dawa nako huzungumza. Huduma za VVU Tanzania zimejengwa kuzunguka kliniki ya tiba na matunzo, ijulikanayo na wote kwa herufi CTC, ambayo katika hospitali nyingi ina jengo lake, benchi lake na siku zake za foleni ndefu. Katika mji kama Tukuyu, ambako hospitali ya wilaya iko Makandana na muuguzi anaweza kuwa mwimbaji wa kwaya moja na shangazi wa mgonjwa, kukaa kwenye benchi hilo kunatosha kuanzisha maneno yatakayofika nyumbani kabla ya mwenyewe. Wanaoishi na VVU walilijua hilo tangu mwanzo, na baadhi yao huamua kupanda gari hadi mji wa Mbeya, safari ya kilometa zipatazo 70, ili wachukue dawa mahali wasipofahamika. Mgonjwa anayejua kwamba bila dawa atakufa huweza kuivumilia nauli hiyo. Mtu mzima wa afya, asiyeumwa popote, anayetakiwa kurudi baada ya mwezi mmoja na kisha kila miezi mitatu kupimwa VVU na kuongezewa vidonge, atavumilia mara moja au mbili, na atakapoacha ataandikwa katika rejesta kuwa ni mtoro.

Kisha huja suala la jina. Kadi ya mteja imeandikwa jina la kiume, naye aliyekaa kwenye benchi amesuka nywele na amejifunga kitenge. Muuguzi anapotoka na faili na kuliita jina hilo kwa sauti, benchi zima hugeuka. Zipo njia za kuliepuka jambo hili ambazo hazihitaji fedha wala sheria mpya. Mteja anaweza kuitwa kwa namba, kama benki zinavyofanya, na faragha ya kila mgonjwa ikanufaika. Mhudumu anaweza kumwuliza faraghani angependa aitweje, na akaitwa dada kama alivyojitambulisha. Dawa zinaweza kutolewa katika chumba cha magonjwa ya kawaida ya nje badala ya CTC. Mambo haya yanaonekana madogo kwa aliye nyuma ya dirisha. Kwa aliye mbele yake ndiyo yanayoamua kama atarudi, na wapimaji wa utayari wangepata majibu ya kweli zaidi kama wangeuliza juu ya dirisha hilo kuliko wanavyouliza juu ya kidonge.

Sheria na siasa zimeongeza uzito. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania huadhibu kile kinachoitwa kumwingilia mtu kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30, na ingawa hakimtaji mtu transjenda, ndicho kinachomtisha anapoulizwa na daktari kuhusu maisha yake ya ngono. Mwezi Julai 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi, ambavyo kazi yake ni kuzuia kondomu isipasuke. Februari 2017 vituo 40 vilizuiwa kutoa huduma za VVU kwa makundi maalumu. Na Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wapeleke majina, tamko ambalo Wizara ya Mambo ya Nje ilisema siku chache baadaye kwamba lilikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Ufafanuzi huo ulikuwa muhimu, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia, na waelimishaji rika, yaani watu wa kundi lenyewe waliofunzwa kuwafikia wenzao, ndio waliokuwa wa kwanza kujificha. Bila mwelimishaji rika, mwanamke transjenda wa mji mdogo hana wa kumwambia kwamba dawa ipo. Wizara ya Afya imeendelea kusema kwamba huduma ni kwa kila anayezihitaji bila ubaguzi, na kauli hiyo ingepata nguvu kama ingebandikwa ukutani katika kila mapokezi na kusimamiwa na mganga mkuu wa wilaya.

Lipo pia swali ambalo wanawake transjenda wenyewe hulitanguliza, na ambalo wahudumu wengi hawajaandaliwa kulijibu: je, dawa kinga itaharibu kazi ya homoni? Wale wanaotumia homoni katika ukanda huu mara nyingi huzipata bila daktari, wengine kwa kununua vidonge vya uzazi wa mpango katika maduka ya dawa, na kwao mabadiliko ya mwili yanayoletwa na homoni hizo yana thamani ya kila siku, ilhali VVU ni hatari ya siku isiyojulikana. Akilazimika kuchagua, wengi watachagua homoni. Tafiti zilizofanyika Thailand na Marekani zimeonyesha kwamba halazimiki kuchagua: dawa kinga haipunguzi homoni ya kike mwilini, na homoni hupunguza kidogo tu kiwango cha tenofoviri, kiasi ambacho hakiondoi kinga kwa anayemeza kidonge kila siku. Lililo muhimu kwake ni kwamba ule mtindo wa kumeza vidonge kabla na baada ya tendo pekee, ambao WHO inauruhusu kwa wanaume, hauruhusiwi kwa anayetumia homoni zenye estrojeni. Yeye anapaswa kumeza kila siku, na kuhesabu siku saba za mwanzo kabla ya kuitegemea kinga. Maelezo haya huchukua dakika tatu. Pasipo maelezo hayo, kichefuchefu na kichwa kuuma, ambavyo huwapata baadhi ya watumiaji katika wiki za mwanzo na kisha kuisha, hufasiriwa kuwa ni dawa inayopigana na homoni, na kopo hutupwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo walijaribu njia ya kumfikia mtumiaji bila kumwita kliniki kila mara, kwa programu ya simu iliyoitwa Jichunge, ambayo ilimkumbusha kumeza dawa na kumwezesha kumwuliza mtaalamu maswali; ilijaribiwa Dar es Salaam kwa wanawake wanaouza mwili na wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, huku Tanga ikitumika kulinganisha, na ikasaidia kuwabakiza watumiaji katika huduma. Simu ina faida kwa mtu aliye Masoko au Mwakaleli, mbali na hospitali, ingawa simu inayotumiwa na watu wawili nyumbani ina hatari yake.

Matumaini makubwa zaidi yako katika sindano, kwa sababu sindano haina kopo. Kabotegraviri, inayochomwa kila baada ya miezi miwili, ilipimwa katika utafiti uliokuwa na wanawake transjenda wapatao 570 kati ya washiriki zaidi ya 4,500, na maambukizi yalikuwa pungufu kwa asilimia 66 ukilinganisha na vidonge. WHO iliipendekeza mwezi Julai 2022. Lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, ilifanya zaidi ya hapo. Katika jaribio lililofanyika Uganda na Afrika Kusini hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya wanawake 2,134 waliochomwa, na katika jaribio jingine, lililowajumuisha waziwazi wanawake transjenda pamoja na wanaume, walioambukizwa walikuwa wawili kati ya 2,179. Marekani iliiidhinisha mwezi Juni 2025 na WHO ikaipendekeza mwezi uliofuata. Kwa mkazi wa Rungwe maana yake ni safari mbili kwa mwaka, ambazo anaweza kuziunganisha na safari ya mnada au ya msibani, na hakuna cha kukutwa nacho chini ya godoro.

Lenakapaviri, hata hivyo, ilikuja katika mwaka mbaya. Huduma za dawa kinga Tanzania zimetegemea kwa sehemu kubwa fedha za Mpango wa Dharura wa Rais wa Marekani wa Kukabiliana na UKIMWI (PEPFAR), na misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, msamaha wa zuio hilo uliofuata mwezi Februari uliruhusu fedha hizo zitumike kwa PrEP ya wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Makundi yote mengine yaliachwa nje, na waelimishaji rika katika nchi nyingi za Afrika wakapoteza kazi kwa siku moja. Hapakuwa na sababu ya kitabibu ya uamuzi huo. Maambukizi hayaulizi mtu kama ana mimba. Mwezi Septemba 2025 ilitangazwa kwamba lenakapaviri inayotengenezwa India itauzwa kwa takriban dola 40 kwa mtu mmoja kwa mwaka, kuanzia 2027, katika nchi 120, Tanzania ikiwamo, na mwezi huohuo Marekani na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria wakaeleza mpango wa kuifikisha kwa watu milioni 2 katika miaka mitatu, Marekani ikisisitiza tena wajawazito na wanaonyonyesha. Kwa bei hiyo, serikali na Mfuko wa Dunia wanaweza kuwagharamia waliobaki, na orodha ya wanaostahili itaandikwa katika miongozo ya taifa, ambamo wanawake transjenda wanaweza kutajwa kwa jina lao na kupewa safu yao katika rejesta ya CTC, ya Tukuyu ikiwamo.